Mikunjo ya Aproni

Tik. Kisha kimya. Kisha tik, tik, na kimya tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya korido, nimeinamia daftari, na sauti ile ilinifikia kabla sijaona chochote. Nilidhani ni mjusi wa darini. Halafu nikadhani ni tone la maji ndani ya ndoo, maana mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na bati letu linavuja karibu na dirisha. Lakini tone halitembei, na sauti hii ilikuwa inatembea. Ilipita nyuma ya ukuta, ikazunguka kona, ikakaribia. Ndipo akatokea mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyenye matope ya barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka. Mkononi alishika kisanduku cha manjano, ukubwa wa redio ya betri. Kisanduku kilikuwa kinahesabu peke yake.

"Usiogope, mama," aliniambia. "Kinasikiliza tu mionzi. Hata lituma, ile ndizi ya kuponda yenye mulikula jana, iko na mionzi yake kidogo."

Nilicheka, lakini nikafunga daftari, kwa sababu nilijua ni nani. Huyu ndiye mkaguzi tuliyemngoja tangu barua ilipofika.

Kwetu Kisangani picha ya eksirei tunaiita radio. Mtu akianguka kutoka kwenye toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, anakwenda kupiga radio. Mtoto akimeza kifungo cha shati, anapelekwa kupiga radio. Na katika mtaa wetu, mpiga radio ni mama yangu. Kituo cha afya ni cha daktari mzee ambaye siku hizi huja mara mbili kwa juma, lakini kile chumba cha mwisho wa korido, chenye mashine na meza na kioo kizito cha kujikinga, watu wote wanakiita chumba cha mama. Nimekua nikisubiri nje ya chumba hicho baada ya shule, na mara nyingi zaidi nikisubiri ndani.

Barua ilisema vyumba vyote vya radio vya mji vitakaguliwa: kuta, mashine, vifaa vya kinga, karatasi, na jinsi kazi inavyofanyika. Chumba kitakachofikia kanuni kitapewa kibali. Kisichofikia kitapigwa sili mlangoni. Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Wakifunga hapa," alisema, "wale wenye wanatoka mbali na mutoto mgongoni, nitawaambia waende wapi?"

Hakusema jambo la pili, lakini nililisikia: na mimi nitakwenda wapi? Mama si mtu wa kukaa nyumbani. Mikono yake imezoea kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Ukimnyang'anya chumba kile, umemwachia mikono isiyo na kazi.

Basi tulijiandaa. Tulipaka rangi kuta. Tulipanga daftari za wagonjwa kwa miaka yake. Kwa kuwa nyumbani mimi ndiye ninayejulikana kwa kuandika, nilipewa karatasi zote, pamoja na tangazo la kubandika ukutani kuhusu wanawake wenye mimba. Niliandika kwa siku mbili. Lilikuwa tangazo zuri, lenye asubuhi ndani yake, na mbegu, na mto. Mama alilisoma hadi mwisho kwa uvumilivu.

"Bon," alisema. "Mutu akimaliza kusoma hii, mutoto wake atakuwa amezaliwa na ameanza masomo."

Nikaandika upya: *Uko na mimba? Ao unafikiri uko nayo? Sema mbele ya kupigwa picha.* Na chini yake, maneno hayohayo kwa Lingala. Lile ndilo tangazo lililobaki.

Mkaguzi alianza na mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, laini, na alifanya kazi bila haraka. Aliweka beseni la maji mezani mahali pa mgonjwa, akamwomba mama apige picha, mara tatu, mara nne, huku yeye anazunguka nje na kisanduku chake, akikisogeza ukutani kama daktari anayesikiliza mgongo. Alipima benchi niliyokuwa nimekalia. Alipima dirisha. Kila mara aliandika, na mama alitazama kalamu yake kama mtu anayetazama mtego wa samaki ukivutwa juu ya maji. Mashine ilikuwa nzima. Kuta zilikuwa nzima. Aligonga mlango kwa kidole, akasikiliza ule mlio mzito wa bamba la madini ya risasi lililofichwa ndani ya mbao.

"Mulango huu ni muzuri," alisema. "Nimeona hospitali kubwa zenye hazina kama huu."

Mama alishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo akaja mvuvi. Alikuwa mzee wa kule maporomokoni, mrefu, kifua kinamuuma, anakohoa kwa kuinama. Hakuja peke yake. Kwetu mgonjwa hapelekwi, anasindikizwa. Mguu mmoja ukivunjika, watu sita wanachechemea. Alikuja na binti yake mwenye sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, wana wawili wa kiume, na jirani ambaye hakuna aliyemwalika. Wote waliingia chumbani. Mkaguzi alirudi nyuma ya kioo, akatazama.

Mama alifanya kama alivyofanya siku zote. Wana wa kiume na jirani aliwasogeza hadi mlangoni, na mlango akauacha wazi kidogo, upana wa uso mmoja, ili wamwone baba yao. Binti akabaki ndani kumshika mzee asiyumbe. Kutoka kwenye sanduku la bati lililo pembeni mama alitoa aproni ya risasi, akaikunjua, akamvalisha.

"Uu, mama!" binti alilia. "Hii nguo iko nzito kama zambi ya bwana yangu!"

"Basi hauna zambi yako mwenyewe?" aliuliza mzee, akakohoa kwa kucheka.

"Yangu mimi ni ya kitambaa, papa. Yake ni ya chuma."

Hata jirani alicheka huko mlangoni. Picha ikapigwa. Mapafu ya mzee yakatokea kwenye skrini, na mama akamwambia asubiri daktari. Walipotoka, chumba kilikuwa bado na harufu ya pondu na moshi wa samaki.

"Mama," mkaguzi alisema. "Mulango."

"Mulango iko."

"Iko, ndiyo. Lakini haukuufunga. Mulango wazi ni tundu tu, hata ukiweka risasi ya dunia nzima ndani yake."

"Papa, nikifunga watasema nimefungia baba yao ndani na masini. Huwajue watu wa hapa. Kwetu mugonjwa haachwe peke yake."

"Ninawajua," alisema mkaguzi. "Hata mama yangu alikataa kuachwa." Akaandika. Kisha akaelekeza kalamu kwenye sanduku la bati. "Aproni munaziweka humo?"

Hapa mama alitabasamu, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa na uhakika. Tulikuwa na aproni mbili, na hakuna kitu katika chumba kile alichokitunza kuzidi hizo. Bibi yangu alikuwa mwuza vitenge, na alimfundisha mama kwamba heshima ya mwanamke inaonekana anapofungua sanduku lake. Kila liputa, kile kitenge cha kujifunga, limekunjwa mara mbili, mara nne, mara nane, pembe juu ya pembe, na kipande cha sabuni katikati ili linukie. Nguo iliyotundikwa msumarini, bibi alisema, ni nguo ya nyumba isiyo na mwenyewe. Kila jioni, tangu nikiwa mtoto, nilimwona mama akizifuta zile aproni kwa kitambaa chenye unyevu, akizikunja kwa magoti na viwiko kwa sababu ya uzito, akizilaza sandukuni kama mahari.

Alifungua kifuniko. Harufu ya sabuni ikapanda.

"Angalia pembe," alimwambia mkaguzi.

Mkaguzi aliangalia pembe. Alipiga magoti, akaitoa aproni ya juu kwa mikono miwili, akaibeba kama mtu anayebeba mgonjwa, akainyoosha juu ya meza.

"Mama, upige hii picha."

"Aproni iko mugonjwa?" mama aliuliza, akinigeukia ili tucheke pamoja.

"Tutaona."

Aliipiga. Tulisimama watatu mbele ya skrini. Risasi inazuia mionzi, na kile kinachozuia mionzi hutokea cheupe. Nilijua hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya pete na sarafu na vifungo vilivyomezwa. Nilitegemea kuona weupe mtupu, ukurasa usioandikwa. Badala yake ilitokea mistari myeusi. Ulikuwapo mmoja wima katikati, mmoja wa kulala, mingine miwili kila upande, imenyooka, inakatana, kama mitaa ya mji wetu unapoiona kutoka ndegeni kabla ya kutua.

Mama alisogea. Akaweka kidole juu ya skrini.

"Huu ni mukunjo ya kwanza," alisema polepole. Kidole kikahama. "Huu ni ya pili. Huu ni ule wa magoti."

Aliitambua yote. Ilikuwa mikono yake mwenyewe.

"Risasi haiko kitenge," alisema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukiikunja inapasuka ndani, na juu hauone kitu. Inapaswa itundikwe. Hakuna mwenye alikwambia?"

"Walinifundisha kuivaa," mama alijibu. "Kuiweka, hapana. Kuiweka nilijua mwenyewe."

Aproni ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mama alikaa kwenye kile kiti kidogo ambacho wagonjwa huvulia viatu. Nilijua anahesabu, na nilijua hahesabu vitu. Alikuwa anahesabu wanawake: wote waliowashika watoto wao katika chumba kile huku yeye anawafungia kamba mgongoni na kuwaambia, uko salama sasa. Nami nilikuwa mmoja wao. Mara ngapi niliitwa kutoka kwenye daftari zangu za shule, njoo umushike huyu mutoto, vaa hii.

"Wamama wote wenye nilivalisha," alisema.

"Mama, nisikilize. Mionzi ya picha moja iko kidogo sana, na wao walikuwa pembeni, hawakuwa mbele ya mashine. Sione mutu wa kugonjwa sababu ya hii mistari. Lakini kanuni haingoje mutu agonjwe." Alifungua ukurasa mpya. "Ninaandika: aproni mbili zimepasuka."

"Andika nilizikunja."

"Si lazima."

"Andika. Ukiandika zimepasuka, watatuma zingine, na mwengine atakunja tena."

Mkaguzi aliandika. Nilitazama mfuko wake, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimeona ndani yake mkanda mwekundu wa kupigia milango sili. Aliugusa mfuko. Akaacha.

"Mutu akificha, ninafunga," alisema. "Mutu akisema, ninarudi. Nitarudi kisha majuma sita. Nataka aproni mpya, zimetundikwa. Nataka taa ya onyo juu ya mulango. Na siku hiyo nitakaa hapa nyuma ya kioo, nitangoja mugonjwa, na nitaangalia kitu kimoja tu. Mulango ukifungwa na ndugu wakiwa inje, ninaweka sinyatire yangu kwenye kibali. Ukibaki wazi, ninatoa mukanda. Alors, ni weye mwenye utaamua, haiko mimi."

Daktari mzee aliagiza aproni. Zilifika kwa ndege, na mimi ndiye niliyetumwa Bangboka kuzichukua, nikiwa na onyo la mama sikioni: zisikunjwe hata njiani. Zilikuwa zimelazwa katika katoni pana kuliko mlango wa teksi. Nilizitoa, nikafikiri, kisha nikafanya kilichowezekana: nilivaa moja mbele na nyingine mgongoni, nikapanda pikipiki. Mwenye pikipiki alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Yaya, dada yangu, vita imerudia? Utuambie basi, na sisi tutoroke."

"Endesha polepole. Iko nzito."

"Nzito ni weye ao ni nguo?"

Alicheka njia yote hadi mjini, na kila tuliposimama aliwaeleza watu kwamba amembeba mwanajeshi wa Mungu. Nilifika na mabega yanauma, nikiwa na furaha isiyo na maana. Seremala alikuwa ametengeneza mti wa mviringo, laini, mnene kama mkono wa mtu, akaufunga ukutani. Mama alizitundika mwenyewe. Alirudi nyuma, akazitazama zikining'inia mbele ya watu wote, na niliona aibu ikipita usoni mwake, aibu ya bibi.

"Zinaonekana kama nyumba isiyo na mwenyewe," alisema.

"Zinaonekana kama zinangoja kazi," nilimjibu.

Aliguna, lakini hakuzishusha. Lile sanduku la bati alilipeleka nyumbani. Aproni za zamani tuliziweka kando na kibandiko: *Usitumie.* Maneno yale pia niliyaandika mimi, na hakuna aliyenirekebisha.

Mlango ulikuwa kazi ngumu zaidi. Juma la kwanza watu walitutukana. Mwanamume mmoja aliyemleta mke wake aliupiga mlango kwa kofi na kuuliza kama tunauza watu humo ndani. Bibi mmoja alikaa sakafuni ndani ya chumba na kusema, fungeni basi, na mimi niko humu. Mara mbili mama alilegea, akauacha wazi upana wa uso. Watoto wachanga walikuwa na kanuni yao: mtu mmoja anaruhusiwa kumshika, amevaa aproni nzima. Lakini watu wazima, hapana. Kila nilipomwona mama akishika kitasa, nilikumbuka kwamba mkono uleule ulikunja zile aproni kwa upendo, na kwamba sasa tunaudai upendo wa namna nyingine, ambao hata yeye alikuwa hajauona.

Aliupata kwa msichana mmoja, mkubwa wa kutosha kusimama mwenyewe ila mwoga mno. Mama yake alitolewa nje, mlango ukafungwa, msichana akaanza kutetemeka hata picha ikawa haiwezekani. Huko nje mama yake, kwa hasira tu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa nguvu, ili atuaibishe. Sauti ilipita chini ya mlango, imefifia lakini ni yake. Msichana alitulia. Akasimama wima. Picha ikatoka safi mara ya kwanza.

Mama alitokea koridoni na uso unaong'aa.

"Sauti inapita," alituambia sote, na yule mwanamke mwenye hasira pia. "Mionzi haipite, lakini sauti inapita!"

Tangu siku hiyo alikuwa na neno la kuwaambia. Hakusema tena toka nje. Alisema: ukaimbe, ao uongee naye, ao umuite jina, lakini usinyamaze. Korido yetu ikawa mahali pa kelele. Wapo walioomba rozari, wapo waliosoma sura walizozijua kwa moyo, wapo waliosimulia habari za soko. Mzee mmoja alimsomea mkewe majina ya wajukuu wote, kwa mpangilio.

Majuma sita yakaisha. Safari hii hapakuwa na tik tik. Mkaguzi aliingia na karatasi moja na kalamu. Aliangalia taa. Alipitisha mkono juu ya aproni, akazipiga picha, na zilikuwa nyeupe kama unga. Akasoma tangazo langu, akasema ni fupi vizuri. Kisha akaketi nyuma ya kioo, akaweka karatasi juu ya goti.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mvuvi, amerudi kuangaliwa kifua baada ya dawa. Alikuwa amenenepa kidogo. Binti yake alimshika mkono kama mwanzo, na wana wawili nyuma, ila safari hii jirani hakuwapo. Mama alimweka mzee mbele ya bamba la picha, akamnyoosha mabega, akawageukia wengine.

"Bon, banangu. Inje."

"Mama, mara ile nilimushika," alisema binti.

"Mara ile nilikosa. Leo papa atasimama."

Binti aliwatazama ndugu zake. Alimtazama mkaguzi, shati lake jeupe, kalamu iliyo wazi. "Ni yeye anakukataza?"

Niliona mkaguzi hainui kichwa. Niliona pia kwamba mama angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa rahisi.

"Hapana," alisema mama. "Ni mimi. Nataka uishi miaka mingi kuliko miye. Enda pale mulangoni, umuitie baba yako mambo ya maji. Umuambie nani amepata samaki gani. Usinyamaze hata kidogo."

Binti alisita. Mzee, bila kugeuza mgongo, akapaza sauti kwa ukuta: "Enda, weye! Nimesimama kwenye maporomoko mbele ya wewe kuzaliwa, nitashindwa kusimama hapa?"

Wana walitoka kwanza. Binti akafuata, kinyumenyume, akiwa tayari anasema habari za shemeji yake na samaki mkubwa aliyemponyoka. Nilibaki mimi, pembeni, karibu na aproni, mahali nilipozoea kusimama tangu nikiwa na sare ya shule. Mama alinitazama.

"Na weye pia, mwanangu."

Nilichukua daftari langu. Nikapita mbele ya kioo, nikavuka kizingiti, nikasimama karibu na binti wa mvuvi aliyekuwa anapaza sauti kuhusu samaki. Nyuma yetu, kwa mkono wa mama, mlango ukafungwa.